MRI inasema pingili zimesagika, mtaalamu wa viungo anasema zisinitishe. Nimwamini nani?

#1 Pingili ya Nne
Wakuu, habari. Mgongo wa chini unanisumbua, ni zaidi ya mwaka sasa. Nikikaa sana unauma, nikisimama sana unauma. Nikapigwa MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. Daktari akanisomea ripoti: diski (ile pedi laini) kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imekauka na kutokeza, ya chini yake imechakaa, na viungo vidogo vya nyuma ya pingili vimeanza kusagika. Nilitoka pale natembea kama nimebeba trei ya mayai.

Juzi nikaenda fiziotherapia. Yule mtaalamu akaisoma ripoti, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, kisha akaniambia, "Inama uguse vidole vya miguu." Nikamwambia mtu mwenye ripoti hiyo hainami. Akatabasamu tu, akasema hiyo picha haitoshi kueleza maumivu yangu.

Sasa nawaulizeni: kama picha haielezi, ni nini kinachoeleza? Au jamaa anatafuta wateja wa mazoezi?

#2 Mpita Njia
Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

#3 Mama Sindano
Kabla wajuzi hawajafika, mleta uzi nijibu haya. Mkojo unauzuia vizuri? Kuna ganzi sehemu za siri, makalioni au mapajani kwa ndani? Miguu imelegea? Una homa, umepungua uzito bila sababu, au uliwahi kuugua saratani? Kama ipo hata moja, muone daktari haraka. Ikiwa ni mkojo, ganzi ya huko chini au miguu kulegea, weka simu chini uende hospitali leo hii. Kama hakuna, karibu tuendelee.

#4 Kijana wa Chuma
Misuli dhaifu, hakuna siri. Tumbo legevu, makalio yamelala, mgongo unabeba kila kitu peke yake. Nyanyua vyuma kwa mpangilio utakuja kunishukuru. Hizi nadharia nyingine ni za watu wavivu.

#5 Viungo Mwanga
Mimi kazi yangu ni hiyohiyo ya fiziotherapia, kwa hiyo nihesabuni kuwa nina upande.

Mwenzangu hakukudanganya, kaka. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Jensen na wenzake. Walichukua watu 98 wasio na maumivu ya mgongo, wakawapiga MRI. Asilimia 52 walikutwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyotokeza. Waliokuwa na diski zote safi ni asilimia 36 tu. Hao ni watu ambao mgongo hauwaumi! Wangepewa ripoti zao mkononi, nusu wangetoka wanatembea kama wewe.

Diski kuchakaa ni sehemu ya umri, sawa na mvi na makunyanzi. Kwamba ipo kwenye picha haina maana kwamba ndiyo inayokuumiza.

#6 Usukani
Niliwahi kusoma kwamba 96% ya watu wote diski zao zimechakaa. Kwa hiyo hata wewe unayesoma hapa zako zimeshaondoka, usijidanganye.

#7 Hesabu Kali
Usukani, punguza mwendo. Hiyo 96% ni ya watu wa miaka 80. Inatoka kwenye mapitio ya Brinjikji na wenzake ya 2015, walipounganisha tafiti 33 zenye watu 3,110 wasio na maumivu. Kwa wenye miaka 20 ilikuwa 37%. Bado ni kubwa, lakini si "watu wote".

Na nimuulize Viungo Mwanga: kuwa na mvi nyingi hakuumizi mtu. Je, una uhakika diski iliyochakaa haiongezi uwezekano wa kuumwa hata kidogo? Kuna tafiti zinazolinganisha wenye maumivu na wasio nayo chini ya miaka 50, na mabadiliko haya yanaonekana zaidi kwa wenye maumivu. "Haithibitishi" ni jambo moja, "haihusiki" ni jingine.

#8 Viungo Mwanga
Hesabu Kali, sikusema haihusiki. Nimesema haitoshi.

#9 Niliyepasuliwa
Jamani kuna diski na diski. Yangu ilipasuka, kile cha ndani kikatoka na kukandamiza neva. Maumivu yalianzia makalioni, yakashuka nyuma ya paja, ubavuni mwa shavu la mguu, yakaishia kidole gumba cha mguu. Ikafika mahali nikitembea unyayo hauinuki, kiatu kinakwaruza sakafu. Picha na dalili vikalingana palepale. Nilipoamka baada ya upasuaji mguu ulikuwa umetulia. Sasa mtu akiniambia picha haina maana, namsikiliza kwa adabu tu.

#10 Mzee Kigoda
Mimi mgongo umeniuma tangu wengi wenu hamjazaliwa. Nimeambiwa ni figo, ni mshipa, ni baridi, ni godoro, ni kukaa, ni kusimama. Kitu pekee ambacho hakijawahi kulaumiwa ni mkwe wangu.

#11 Mpita Njia
Shikamoo mzee. Uzi umeanza kunoga.

#12 Mzee Kigoda
Marahaba.

#13 Viungo Mwanga
Niliyepasuliwa, yako ilikuwa saitika, maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, tena yenye udhaifu wa mguu. Hapo hata mimi ningekutuma kwa daktari wa upasuaji bila kukushika mkono. Mleta uzi hajataja mguu kabisa, maumivu yake yanakaa kiunoni. Hivyo ni vitu viwili.

Ila wengi hawajui kwamba kipande cha diski kilichotoka mara nyingi husinyaa chenyewe. Chembe za kinga za mwili hukishambulia na kukila taratibu. Na vile vikubwa vilivyochomoka kabisa ndivyo husinyaa zaidi kuliko uvimbe mdogo. Ukipiga picha tena baada ya miezi unaweza usikikute.

#14 Hesabu Kali
Naongeza hapo. Uholanzi walifanya jaribio, likachapishwa 2007: wagonjwa 283 wa saitika kali, wakagawanywa kwa nasibu, kundi moja lipasuliwe mapema, jingine lisubiri na kutunzwa bila kisu. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Ila mwaka ulipoisha makundi yalikuwa sawa, 95% wa kila upande walisema wamepona. Niliyepasuliwa asikasirike: 39% ya waliopangiwa kusubiri waliishia kwenye chumba cha upasuaji. Kwa hiyo kisu kilinunua muda. Na kwa mtu anayelia usiku, muda ni kitu kikubwa.

#15 Niliyepasuliwa
Sijakasirika. Mwaka wa kusubiri huo uhesabuni ninyi mlioko kwenye viti.

#16 Usukani
Mimi naona tunazunguka. Maumivu ni ubongo. Kuna fundi ujenzi aliruka akakanyaga msumari wa sentimita 30 ukatoboa buti ukatokea juu. Analia, hawezi kuguswa, wakamchoma dawa kali. Kuvua buti, msumari umepita katikati ya vidole, hana hata mkwaruzo. Maumivu yote yale yalitoka wapi?

#17 Mama Sindano
Sentimita 15, kaka. Ilitoka kwenye jarida la tiba la BMJ la 1995, kijana wa miaka 29. Msumari huo kila ukisimuliwa unarefuka. Mwakani utakuwa nondo.

#18 Hesabu Kali
Na kisa cha mtu mmoja ni kisa cha mtu mmoja, hata kikichapishwa BMJ. Hatujui alisikia maumivu gani na hofu gani.

#19 Mguu Mmoja
Huwa nasoma tu humu, leo nichangie. Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Kuna usiku vidole vya mguu huo, ambao haupo, vinajikunja hadi nahisi kucha zinaingia kwenye unyayo. Natoka jasho. Naomba mwenye MRI anionyeshe hivyo vidole.

Mtaalamu mmoja wa utengamao alisimamisha kioo kirefu katikati ya mapaja yangu, upande unaoakisi ukielekea mguu wa kushoto. Ukiangalia unaona miguu miwili. Akaniambia nikunje vidole vya mguu mzima kwa nguvu, halafu nivikunjue polepole huku nikitazama kioo. Navikunjua, na vile visivyokuwepo navyo vikalegea. Mke wangu aliyekuwa kando aliniona nacheka akadhani nimechanganyikiwa.

Haijaondoa yote, kuna siku kioo hakifanyi kazi kabisa. Lakini mtu asinidanganye kwamba maumivu lazima yakae pale yanapouma.

#20 Pingili ya Nne
Pole sana mkuu, na ahsante. Hii imenikalisha chini.

#21 Viungo Mwanga
Hicho kioo alikileta Ramachandran, mtaalamu wa ubongo, miaka ya 1990. Mwaka 2007 kuna jaribio dogo la watu 22 waliokatwa mguu: kioo cha kweli, kioo kilichofunikwa, na kufikiria tu mguu ukisogea. Kundi la kioo cha kweli ndilo lililopata nafuu wazi. Tafiti za baadaye zimetoa majibu mchanganyiko.

Kuhusu nadharia: 1975 Melzack na Wall, watafiti wa maumivu, walikuja na wazo la lango. Kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kama mlinzi anayeamua taarifa ipi ipande kwenye ubongo. Ndiyo maana ukigonga goti unalisugua: mguso unaingia na kuzibia maumivu njia. Na ubongo nao hutuma amri kutoka juu za kufungua au kubana.

#22 Mama Sindano
Ni 1965, mtaalamu. 1975 ni ile fomu ya Melzack ya maswali ya maumivu, yenye maneno ya kuchoma, kupwita, kukata na kadhalika.

#23 Viungo Mwanga
Umenikamata, dada. 1965.

#24 Hesabu Kali
Kwa Mguu Mmoja, pole kaka. Ila kwa wengine: kisa chake hakithibitishi kwamba ni ubongo peke yake. Neva iliyokatwa huota kivimbe kwenye mwisho wake, na kivimbe hicho kinaweza kurusha ishara chenyewe. Kuna watu maumivu yao hubadilika kivimbe kikichomwa ganzi. Kwa hiyo hata huko kwenye mguu usiokuwepo, kuna waya halisi unaocheza chini. Tusihamishe kila kitu kichwani kwa sababu tu picha imeshindwa.

#25 Mguu Mmoja
Yangu walinichoma ganzi kwenye kishina. Ilipungua kidogo, vidole vikabaki vimekunja. Labda ni vyote viwili, sijui, mimi ndiye mwenye mguu tu.

#26 Dada Usiku
Hapo kwenye "kichwani" ndipo nilipokuwa napasubiri. Nina faibromialgia, maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwenye vipimo. Miaka mingi nimeambiwa "dada, vipimo vyote safi, ni mawazo tu." Mtu anakushika begani kukusalimia unaruka, halafu anakwambia unadeka. Nikienda na karatasi safi naonekana mwongo, mleta uzi ameenda na karatasi chafu anaambiwa asiijali. Sasa karatasi hizi zinafanya kazi kwa nani?

Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, IASP, kilirekebisha maana ya maumivu 2020, na kwenye maelezo yake wakaandika wazi kwamba mtu akisema anaumwa maelezo yake yaheshimiwe. Na ICD-11, orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika 2022, inatambua maumivu sugu ya msingi kama ugonjwa wenyewe, si kivuli cha ugonjwa mwingine. Yakizidi miezi 3 ni sugu, basi. Daktari wangu wa kwanza angeyajua haya, ningepunguziwa machozi.

#27 Kijana wa Chuma
Dada pole, ila mazoezi umejaribu?

#28 Dada Usiku
Nilijua tu utauliza. Ndiyo. Kutembea polepole kunanisaidia. Kufuata ratiba kama yako kulinilaza kitandani.

#29 Viungo Mwanga
Dada Usiku amegusa penyewe. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwa wanyama kwamba baada ya jeraha uti wa mgongo wenyewe unaweza kuwa mwepesi wa kushtuka: kichocheo kidogo kinaleta mwitikio mkubwa, na eneo linapanuka. Tangu hapo watu wengi wanaamini maumivu sugu ya aina hii ni mfumo wa neva uliopandishwa sauti. Tishu zinaweza kuwa zimepona zamani. Usingizi mbovu, hofu na msongo vinaongeza sauti hiyohiyo. Hakuna "mawazo tu" hapo, ni neva zinazofanya kazi.

#30 Usukani
Ndiyo maana askari wa Vietnam walikuwa wanakatika viungo na hawasikii kitu.

#31 Mama Sindano
Usukani leo una bahati mbaya. Ni Anzio, Italia, 1944. Daktari Henry Beecher aliona majeruhi wengi wa vita hawaombi dawa ya maumivu ijapokuwa majeraha ni makubwa. Yeye aliamini ni kwa sababu jeraha lilimaanisha kurudi nyumbani ukiwa hai.

#32 Mzee Kigoda
Usukani, wewe ukishika historia ni kama ukishika gari bila breki.

#33 Hesabu Kali
Naomba nitibue kidogo. Kila upande humu una jaribio lake. Upande wa ubongo watakuja na utafiti wa Boulder, Colorado, uliotoka 2022: watu 151 wenye mgongo sugu, tiba ya kisaikolojia inayomfundisha mtu kuyaona maumivu kama kengele ya uongo. Asilimia 66 wakawa hawana maumivu au karibu hawana, dhidi ya 20 waliochomwa sindano ya maji ya chumvi huku wakiambiwa ni bandia, na 10 waliobaki na tiba yao ya kawaida. Matokeo makubwa sana. Ila waliochaguliwa walikuwa na maumivu ya wastani au chini yake, na wale ambao mguu unauma kuliko mgongo hawakuingizwa. Niliyepasuliwa asingekubaliwa mlangoni.

Upande wa mazoezi wana mapitio ya 2021 ya Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti, majaribio 249. Mazoezi yanashinda kutofanya kitu, tofauti ni kama pointi 15 kwenye kipimo cha 100. Vizuri. Lakini huwezi kumficha mtu kwamba anafanya mazoezi. Sasa nafuu hiyo imetoka kwenye misuli, kwenye kuondoa hofu, kwenye kuonana na mtu anayekujali kila wiki, au ni muda tu umepita? Watu huenda hospitali maumivu yakiwa kileleni, na baada ya kilele kuna mteremko hata usipofanya kitu.

Na upande wa kisu wakumbuke goti. Mwaka 2002 Bruce Moseley na wenzake, Houston: wagonjwa 180 wa magoti yaliyosagika. Wengine walisafishwa goti kwa kifaa chenye kamera kinachoingizwa ndani, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa. Wakafuatiliwa miaka 2. Kusafishwa hakukushinda kuchanjwa.

#34 Kijana wa Chuma
Sasa Hesabu Kali wewe unaamini nini?

#35 Hesabu Kali
Naamini sampuli kubwa.

#36 Mpita Njia
😂😂 Huyu ndugu akioa atataka kundi la kulinganishia.

#37 Tiba Kazi
Mnajadili diski, misuli na ubongo, hakuna aliyemuuliza mleta uzi anafanya kazi gani. Mimi niko tiba kazi, huwa naanza hapo. Anakaa muda gani bila kuinuka? Anabeba nini? Nani anamsaidia nyumbani? Kazi anaipenda au anaenda kwa sababu hana pengine? Tafiti nyingi za watu wanaochelewa kurudi kazini zinaonyesha mambo hayo, pamoja na mtu mwenyewe anavyotegemea kupona, yanabashiri kuliko picha.

Na hii ya "kaa wima" tuipunguze. Hakuna mkao mmoja uliothibitishwa kuwa ndio sahihi. Mwili unachoka kukaa namna moja hata ikiwa nzuri.

#38 Pingili ya Nne
Nimerudi. Kwanza Mama Sindano, hakuna hata moja kati ya zile dalili, mkojo uko salama. Tiba Kazi: ni mhasibu, naanza asubuhi, mwisho wa mwezi siinuki. Bosi simtaji. Usingizi ni mbovu, naamka saa tisa usiku nawaza hiyo diski. Nimevaa mkanda wa mgongo tangu nipate ripoti, niuache au?

#39 Mama Sindano
Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kwa mgongo sugu usio na chanzo maalumu haushauri mikanda hiyo. Wala kuvutwa uti wa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya opioidi, kama mofini. Unakubali elimu, mazoezi ya mpangilio, kukandwa, tiba ya kisaikolojia, na baadhi ya dawa za kutuliza uvimbe kwa tahadhari.

#40 Mzee Kigoda
Mkanda wangu naomba msiuguse. Unashikilia suruali.

#41 Viungo Mwanga
Uache kidogokidogo. Na tembea. 2024 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Australia, watu 701: waliopewa mpango wa kutembea na elimu walikaa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, wengine 112. Hizo ni namba za katikati: nusu walikaa zaidi, nusu pungufu.

#42 Hesabu Kali
Watu 701 waliokuwa wameshapona, mtaalamu. Ilikuwa kuzuia yasirudi. Mleta uzi bado yamo.

#43 Viungo Mwanga
Kweli, lakini kutembea hakutamdhuru wakati wewe unatafuta sampuli.

#44 Dada Usiku
Mimi nauliza kitu kingine. Kwa nini ripoti zisiandikwe hivi: "Diski imechakaa, jambo la kawaida kwa umri huu"? Mleta uzi angelala.

#45 Hesabu Kali
Walijaribu, Marekani, kwa wagonjwa zaidi ya 200,000, matokeo yakatoka 2020. Waliongeza kwenye ripoti maelezo ya jinsi mabadiliko hayo yalivyo ya kawaida kwa wasio na maumivu. Matumizi ya huduma za mgongo kwa jumla hayakupungua. Dawa za opioidi zilipungua kidogo tu.

#46 Dada Usiku
Labda hawakuisoma. Au waliisoma madaktari, mgonjwa akaambiwa yaleyale ya kusagika.

#47 Niliyepasuliwa
Au mgonjwa alitaka jina la kitu kinachomuuma, na "kawaida" si jina. Nilipoonyeshwa diski yangu nilishukuru hata kabla ya kisu.

#48 Usukani
Wakuu tukiachana na hayo, mimi ni upande mmoja tu wa kalio, kulia, nikiendesha safari ndefu. Nikishuka nikatembea kidogo linaisha. Hiyo nayo ni ubongo?

#49 Tiba Kazi
Usukani, kiti chako kinasogea mbele? Mguu wa klachi unaunyoosha hadi mwisho? Na hiyo pochi ya mfuko wa nyuma, itoe kabla hatujafika kwenye ubongo.

#50 Mzee Kigoda
Pochi ya Usukani haina kitu ndani, haiwezi kuwa chanzo.